Ankara iliyotoka kwenye akaunti ya kikundi: kisa cha kuchagua programu ya barua pepe

Simu ilitoka Lubumbashi saa nne asubuhi, na mama mwenye ofisi aliiweka spika ili mpwa wake naye asikie. Mteja alikuwa mpole, ila hakuwa na mzaha. "Mama, ile adrese ni ya nani? Franga siwezi tuma fasi sijue." Alikuwa amepokea ankara ya kutolewa kontena lake bandarini Dar es Salaam. Ankara yenyewe haikuwa na kasoro: nembo ipo, namba ya kontena ipo, namba ya akaunti ya benki ipo. Kasoro ilikuwa juu, kwenye jina la mtumaji. Palisomeka jina la kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho mama huyu ndiye mweka hazina wake.

Mteja hakukosea hata kidogo. Wizi wa ankara unajulikana sana kwa watu wa mizigo: mjanja anapenya kwenye mawasiliano, anangoja wakati wa malipo, kisha anatuma ankara ileile yenye namba nyingine ya benki kutoka anwani ngeni. Mtu wa Lubumbashi hamwoni wakala wake wa Dar kwa macho; anachomjulia ni anwani. Anwani ikibadilika siku ya kudai pesa, mwenye akili anafunga pochi na kupiga simu. Kumtuliza kulichukua siku nne. Kontena limekaa, siku za bure za kuhifadhi zimeisha, gharama zinahesabika. Mama alizibeba yeye.

Niliitwa wiki iliyofuata, Machi 2025. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kufunga mitandao kwenye ofisi ndogondogo za Kurasini na mjini, na huyu mama namhudumia tangu anunue laptopu yake ya sasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Nataka programu moja, barua zangu zote ziingie humo humo. Zote. Nimechoka kufungua milango mitano."

Ombi hilo nimelisikia kwa watu wengi, na programu zote za barua pepe zinajisifu kwa neno hilo hilo: zote pamoja. Lakini nilipokaa na kusikiliza ile ankara ilivyotoka, niliona kwamba kuchanganya zote pamoja ndiko kulikomponza. Kuona barua zote mahali pamoja ni jambo rahisi. Programu yoyote ya leo inaweza. Kazi ngumu ni jibu kutoka na anwani iliyo sahihi, kila mara, hata siku ambayo umechoka na bandari inakupigia simu. Kwa kipimo hicho nilizipima programu zote.

Akaunti tano kwenye karatasi

Sikugusa kompyuta kwanza. Niliomba karatasi. Kwa kila akaunti tuliandika anwani, nani anaitumia, kikasha chake kinakaa kwa nani, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kurudisha nywila. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, kisha wanakuja kulia.

Ya kwanza ilikuwa ya Yahoo, aliyoifungua enzi za intaneti kafe. Wateja wa zamani wa Zambia na Kongo bado wanaandika huko, kwa hiyo haifungiki. Namba ya simu iliyosajiliwa humo ilikuwa ya laini aliyoitupa miaka mingi iliyopita. Tuliibadilisha pale pale kabla ya jambo lolote, maana bahati yake kivinjari kilikuwa bado kimemkumbuka. Kingekuwa kimemsahau, tungekuwa tunaandika tanzia ya akaunti.

Ya pili, Gmail yake binafsi: watoto, benki, tiketi. Ya tatu na ya nne ni za kikoa cha ofisi, yaani jina lao wenyewe la mtandaoni, linaloishia na .co.tz, moja ya mawasiliano ya jumla na moja ya hesabu. Ya tano, Gmail ya kikundi.

Nikamuuliza hapo awali alikuwa anazisomaje. Jibu likafungua kisa chote. Alikuwa anatumia ile programu ya Mail iliyokuja na Windows 10, ya buluu yenye bahasha. Ilimtosha. Microsoft waliisitisha tarehe 31 Desemba 2024. Baada ya hapo barua za zamani ziliendelea kuonekana ila hakuna iliyoingia wala iliyotoka. Januari mama akaona kimya, akadhani wateja wako likizo. Mpwa wake akagundua, akabonyeza ile Outlook mpya iliyokuwa inajitangaza, mama hakuipenda, basi wakarudi kwenye kivinjari: Gmail mbili, Yahoo, na ukurasa wa barua wa kampuni inayohifadhi kikoa chao.

Sasa fikiria asubuhi yenyewe. Mpwa alikuwa amefuta historia ya kivinjari jana yake kwa sababu laptopu ilikuwa nzito. Mama akaingia kwanza kwenye akaunti ya kikundi, kulikuwa na mkopo wa kuidhinisha. Kisha akaingia kwenye yake. Gmail ina tabia hii: ukiwa umeingia akaunti mbili katika kivinjari kimoja, ile uliyoanza nayo ndiyo inakuwa ya msingi, na ukifungua Gmail upya inakupeleka huko. Ukurasa wa hesabu ukamtaka nywila aliyoisahau. Mteja ananyimwa ankara kwa sababu ya nywila? Akasema atume kwa Gmail yake, ambayo mteja anaijua. Akafungua dirisha jipya, akaandika, akaambatisha PDF, akatuma. Lile duara dogo la picha pembeni juu, linaloonyesha uko kwenye akaunti gani, hakulitazama. Nani hulitazama?

Walioshindania nafasi

Chaguo la kwanza lilikuwa kubaki kwenye Gmail na kuzivuta akaunti nyingine ziingie humo. Zamani ningelisema ndiyo haraka. Gmail iliweza kwenda kuchukua barua kwenye seva nyingine kwa njia ya POP na kuziweka kwenye kikasha chako. Siku hizi siishauri kwa mtu mpya, na tangu kisa hiki kipite Google wenyewe wametangaza kuiondoa huduma hiyo mwaka 2026. Inabaki njia ya kuielekeza seva ya kikoa isukume kila barua iende Gmail. Hapo kuna mtego. Seva inayopokea huangalia kama barua imetoka kwenye seva iliyoruhusiwa na kikoa cha mtumaji. Ruhusa hiyo inaitwa SPF. Barua ikipitia mkono wa tatu, ule mkono haumo kwenye orodha. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti, na barua zinazosukumwa hivyo zina hatari kubwa ya kuishia kwenye barua taka. Wakala wa mizigo akikosa taarifa ya meli kwa sababu iliangukia kwenye barua taka, hatamlaumu SPF, atanilaumu mimi.

Zaidi ya hayo, hapo ofisini intaneti ni ya bando kupitia ruta ya laini ya simu. Ikikata, kivinjari hakina kitu. Nilitaka barua za miezi ya karibuni zikae ndani ya mashine.

Outlook mpya ilikuwa ya pili, na nitakuwa mkweli: ofisi ingekuwa inalipia Microsoft 365, ningeichukua na kisa kingeishia hapa. Lakini hawalipii. Ya bure ina matangazo kwenye kikasha, na ukiiwekea akaunti isiyo ya Microsoft inakuomba kunakili barua zako kwenye seva za Microsoft ili zikufikie kutoka huko. Kwa wengine si neno. Mama nilimweleza hivi: hati za wateja wako zitakuwa na nakala kwa mtu wa tatu ambaye hukumwomba. Alikunja uso tu, nikajua.

eM Client, ya Wacheki, ni nzuri kwa macho na ni nyepesi kujifunza. Toleo la bure linaishia akaunti mbili na ni la matumizi binafsi. Sina ugomvi na kulipia programu. Ningekuwa na mteja anayetaka kalenda na barua vikae kwa unadhifu, ningempeleka huko. Ila mama alikuwa ametoka kulipa gharama za kontena.

Ikabaki Thunderbird. Haina kikomo cha akaunti, haidai leseni, na inazungumza na seva moja kwa moja bila kupita kwa mtu. Kilichonivuta zaidi ni namna inavyoshughulikia utambulisho wa mtumaji. Kila akaunti ina jina lake, saini yake na seva yake ya kutuma barua. Ukijibu barua, jibu linatoka na anwani iliyopokea barua hiyo, hata kama ulikuwa unaisoma kwenye kikasha cha pamoja. Na ukitunga barua, mstari wa mtumaji umekaa juu kabisa, kabla ya mstari wa mpokeaji, kwa maandishi.

Mama aliuliza swali ambalo vijana wengi wa kompyuta hawaulizi. "Na hii nayo ikifa kama ile ya bahasha?"

Ni swali la haki, maana Thunderbird imewahi kukaribia. Ilitoka toleo la kwanza Desemba 2004, na mwaka 2012 Mozilla, wenye kuitengeneza, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena kwa vipengele vipya, itabaki kutunzwa tu. Watu wa kujitolea waliishika, michango ya watumiaji ikaanza kuingia, na tangu 2020 inasimamiwa na MZLA Technologies, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation. Mwaka 2023, kwa toleo la 115, waliibadilisha sura. Kwa hiyo hainihakikishii maisha marefu, lakini msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuendeleza, na programu ya Betterbird tayari ni mtoto wake aliyezaliwa kutoka humo. Jibu la maana zaidi nililompa mama lilikuwa jingine: barua zako hazitakaa kwenye programu. Zitakaa kwenye seva, programu ni dirisha. Dirisha likivunjika, nyumba ipo.

Barua zilizokuwa zinapotea

Nilisema hivyo kwa kujiamini, kisha mama akaniaibisha. "Mbona basi barua za ofisi zinapotea zenyewe? Naisoma leo, wiki ijayo haipo."

Nilidhani ni seva ya wenye kuhifadhi kikoa, kampuni ambayo nimekuwa na visa nayo vingine. Sikuwa sahihi. Nilimwomba mpwa simu yake. Akaunti ya ofisi aliiweka humo mwenyewe mwaka aliopewa kazi, kwa POP. Kwenye mipangilio palikuwa na mstari unaouliza barua ifutwe lini kwenye seva, na jibu lililowekwa lilikuwa: ninapoifuta kwenye kikasha. Kijana ni msafi. Simu ikijaa, anafuta barua za zamani, anabakiza za wiki. Kila alipofuta, seva nayo ilifuta, na mama mezani akaona pengo. Hakuna aliyeiba wala aliyeroga.

POP ilibuniwa wakati mtu alikuwa na kompyuta moja na seva ilikuwa kama sanduku la posta: unachukua barua, unaondoka nazo. IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986, inaziacha barua kwenye seva na kila kifaa kinaona kilekile. Kwa watu wawili na vifaa vitatu hakuna mjadala. Tulifuta akaunti ile kwenye simu, tukaiweka upya kwa IMAP, na nikamweleza kijana jambo ambalo IMAP hailisamehi: ukifuta popote, umefuta kote. Ila sasa kuna pipa la taka la pamoja, na anayejuta anaweza kuchungulia humo kabla halijamwagwa. Na badala ya kufuta, simu yake nikaipangia ipakue barua za siku chache tu.

Barua zilizokwishapotea hazikurudi. Chache tulizipata kwenye folda ya zilizotumwa ya wateja, kwa kuwaomba.

Siku ya kuweka

Gmail na Yahoo ziliingia bila vita. Siku hizi hazikubali nywila ya kawaida kwenye programu ya nje. Thunderbird inafungua dirisha dogo la Google au la Yahoo, unaingia humo, unaruhusu, na programu inapewa kibali badala ya nywila. Google walifunga mlango wa zamani kwa akaunti binafsi mwisho wa Mei 2022. Ukikuta maelekezo yanayokuambia uwashe ruhusa ya programu zisizo salama, jua ni ya kale.

Kikoa cha ofisi ndicho kilichotuchelewesha. Thunderbird ilikisia seva ya "mail" ikifuatiwa na jina la kikoa, ikaunganika, kisha ikatoa onyo: cheti cha usalama ni cha jina lingine. Chini yake kuna kitufe cha kukubali hivyo hivyo, na mpwa kidole kilikuwa tayari njiani. Nilimzuia. Onyo lile ndilo kengele pekee itakayolia siku mtu akijipachika katikati. Ukiizoea kuizima, umeizima hata siku ya mwizi. Sababu ilikuwa ya kawaida: kampuni inahifadhi wateja wengi kwenye seva moja, na cheti kimeandikwa jina la seva yao wenyewe. Nikaliweka jina hilo kwenye mipangilio, mlango 993 wa kupokea na 465 wa kutuma, onyo likaisha.

Halafu mahali ambapo watu wengi hujikwaa bila kujua. Kila akaunti ina mahali pa kuchagua seva ya kutuma barua, na ni menyu tu ya kushuka. Nikaikuta ile ya hesabu imeshika seva ya Gmail, kwa kuwa niliharakisha mwenyewe. Barua ingetoka, wakati mwingine Gmail ingemwandika mtumaji kwa anwani yake badala ya ile ya ofisi. Tungekuwa tumetengeneza tena ajali ileile kwa mikono yetu. Nilirekebisha, kisha kwa kila akaunti tulituma barua moja kwenda kwenye simu yangu na kusoma mtumaji ni nani. Jaribio hilo lilichukua dakika kumi. Nisingelifanya, kila kitu kwenye skrini kingeonekana sawa.

Bando nalo lilihitaji ulinzi. Thunderbird kwa kawaida hupakua nakala ya kila kitu, na mama alikuwa na gigabaiti kadhaa kwenye Gmail. Kwenye sehemu ya usawazishaji na hifadhi niliiambia iweke kwenye mashine barua za siku 90 tu na isipakue zenyewe barua kubwa. Na Gmail ina folda ya barua zote, ambayo kwa IMAP inaonekana kama folda ya kawaida: barua iliyo kwenye kikasha imo pia humo, na ukiziacha zote mbili zisawazishwe unaweza kulipia barua moja mara mbili. Niliitoa kwenye usawazishaji. Nimewahi kumaliza bando la mteja mwingine kwa kusahau kisanduku hicho kimoja, nilimnunulia jingine.

Kuhusu kikasha cha pamoja, nilikiwasha, kwa kuwa aliomba. Lakini barua mpya unayoianzisha ukiwa kwenye kikasha cha pamoja hutoka na akaunti ya msingi, si nyingine, kwa hiyo akaunti ya msingi nikaiweka ya ofisi. Kila akaunti nikaipa rangi yake kwenye orodha ya folda: ofisi kijani, hesabu nyekundu, Yahoo zambarau, ya binafsi kijivu. Na saini ni tofauti kabisa. Ya hesabu inaanza na jina la ofisi kwa herufi kubwa, kiasi kwamba ukiiona chini ya barua kwa mjukuu unashtuka mwenyewe.

Nikaweka pia nywila kuu ya programu. Bila hiyo, mtu yeyote anayekaa kwenye kiti hicho anaweza kufungua mipangilio na kuzisoma nywila zilizohifadhiwa, na kwenye ofisi ya mizigo viti havikai vitupu.

Akaunti ya tano

Sikuiweka. Mama alipohesabu nne kwenye skrini alidhani nimesahau.

"Ya kikundi iko wapi?"

"Kwenye simu yako mama, peke yake. Humu haiingii."

Alibisha, na hoja yake ilikuwa nzuri: mimi mwenyewe nimesema programu hii inajua kujibu kwa anwani sahihi. Inajua, ndiyo. Lakini mstari wa mtumaji una menyu, na menyu ikiwa na jina la kikundi ndani yake, siku moja kidole kitateleza. Isipokuwamo, hakiwezi kuteleza. Pesa za kikundi si zake na pesa za wateja si za kikundi. Vitabu vyake vya hesabu haviweki kwenye droo moja, kwa nini aweke barua? Hapo alinyamaza kidogo, akasema kwenye mkutano ujao ataomba katibu ndiye ashike akaunti ile, maana hata hivyo yeye kazi yake ni fedha, si barua.

Nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko programu yote. Wateja wakiniletea akaunti saba siku hizi, kwanza nawauliza zipi zinaweza kutoka.

Ya Yahoo nayo tuliipunguzia nguvu. Kusukuma barua zake ziende kwingine Yahoo wanalipisha, hivyo inasomwa kwa IMAP kama nyingine, ila tumewasha jibu la moja kwa moja linalomwambia anayeandika kwamba ofisi sasa iko kwenye kikoa chake, na kwamba ankara haitatoka kamwe Yahoo. Mteja wa Lubumbashi alipolipata akapiga simu tena kuhakikisha ni kweli. Mama alicheka safari hii.

Miezi iliyofuata

Malalamiko yalikuwa matatu. Siku ya kwanza mashine ilikuwa nzito. Thunderbird ilikuwa inajenga faharasa ya kutafutia, na kwenye laptopu ya gigabaiti nne za RAM hilo linaonekana kwa macho. Lilipita usiku mmoja. La pili, inauliza mara kwa mara kama ikandamize folda. Barua ukiifuta haiondoki kwenye faili mara moja, inawekewa alama tu, na nafasi inarudi pale unapokandamiza. Nilimwambia akubali, ila asizime mashine katikati. La tatu lilikuwa la mpwa: kwenye simu yake alitaka programu ileile. Thunderbird ya Android imekuwepo tangu Oktoba 2024, imejengwa juu ya programu nyingine ya simu, K-9 Mail, nikamwekea. Anasema ina sura kavu. Ni kweli.

Nakala ya akiba tunaifanya kila mwisho wa mwezi: programu inafungwa, folda ya wasifu inanakiliwa kwenye diski ya nje. Humo mna mipangilio, anwani, saini, vibali, na barua zilizopakuliwa. Barua za mwaka uliokwisha tunazihamishia kwenye folda za ndani, ili kikasha cha kikoa, ambacho kina nafasi ndogo, kisijae na kuanza kuwarudishia wateja barua.

Folda hiyo ya wasifu ilikuwa sababu yangu nyingine ambayo sikumweleza mwanzoni. Laptopu ni ya kizazi ambacho Windows 11 haikipokei, na msaada wa Windows 10 ulikuwa unaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Programu inayofanya kazi kwenye Windows peke yake ingetulazimisha kuanza upya. Oktoba hiyo niliiondoa Windows nikaweka Linux Mint, mfumo wa kompyuta wa bure, nikaileta ile folda, nikarekebisha kwa mkono mstari mmoja ulioonyesha mahali folda za ndani zilipo, nikafungua Thunderbird. Iliomba nywila kuu. Kijani, nyekundu, zambarau, kijivu, zote mahali pake. Mama alifungua barua mpya, akaweka kidole kwenye mstari wa mtumaji kama anavyofanya siku zote, akaandika.

Printa ndiyo iliyotupotezea mchana mzima.